Maua Yanafanana, Dawa Haifanani

USALAMA NA AFYA
Somo juu ya artemisia



Katika lupango nyingi za kambi zetu kuna mmea mmoja unaojulikana sana siku hizi: artemisia. Wengine wanaupanda karibu na bomba la maji, wengine wananunua majani yake makavu sokoni. Unanuka sana ukiusugua mkononi. Majani yake yamekatika-katika kama manyoya ya ndege, na wakati wake ukifika unatoa maua madogo ya manjano, madogo kuliko punje ya mtama. Watu wanaweka majani na maua katika birika, wanaweka birika juu ya mbabula, na chai hiyo wanakunywa kwa sababu ya malaria.

Sisi wa dispansere tunaulizwa kila juma: « Je, artemisia inaponya malaria ao haiponyi? » Swali ni zuri, lakini halina jibu moja, kwa sababu jina ni moja na mimea ni mbalimbali. Mmoja una dawa, mwingine hauna. Hata ile yenye dawa haina kipimo kimoja. Kwa macho yako na pua yako huwezi kuitofautisha.

Basi leo tutajifunza ginsi laboratuari inavyotambua artemisia moja na mwenzake, na kwa nini jambo hilo linagusa maisha ya mfanyakazi wa mine na ya watoto wake.

1. JICHO SI MIZANI

Mtu aliyefanya kazi ya karyere ataelewa somo hili upesi kupita mwingine. Chukua mawe mawili yanayong'aa manjano. Moja ni kalkopirite, lingine ni pirite. Kalkopirite safi ina shaba karibu 34 kwa mia. Pirite safi haina shaba hata kidogo, ni chuma na sulfure tu. Mgeni akiyaona yote mawili atasema ni zahabu.

Malakite nayo ni vilevile. Ikiwa safi, ina shaba karibu 57 kwa mia. Lakini jiwe linaweza kuvaa ngozi ya kijani inje na ndani likawa jiwe bure. Ndiyo sababu hakuna mhandisi anayehesabu shaba kwa kuangalia rangi. Tunachukua sampuli, tunaisaga, tunaipeleka laboratuari, na karatasi ya laboratuari ndiyo inayosema.

Tena, hapa Katanga tuna ua la shaba, lile dogo ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Linapenda udongo wenye shaba, na watafutaji wa madini walilifuata kama alama. Lakini hata hao, kisha kuona ua, walichimba na kupima. Ua lilisema: « Hapa kuna shaba. » Halikusema ni ngapi kwa mia.

Kama hatuamini macho kwa jiwe, kwa nini tuyaamini kwa dawa ya mtoto?

2. ARTEMISIA SI MOJA

Katika jamaa ya artemisia kuna mimea mamia. Miwili inatuhusu zaidi.

Wa kwanza ni Artemisia annua. Asili yake ni Asia, hasa inchi ya China. Jina « annua » maana yake ni ya mwaka mmoja: inaota, inapanda hadi mita 2 ao kupita, inatoa maua, inatoa mbegu, kisha inakufa. Majani yake ni ya kijani. Ndani yake kuna artemisinini, kitu kinachoua mdudu wa malaria.

Wa pili ni Artemisia afra. Huyo ni mwenyeji wa Afrika, hasa milima ya mashariki na ya kusini. Hafi kila mwaka, shina lake linakuwa gumu, na majani yake yanaelekea rangi ya majivu. Wazee wa inchi nyingi waliutumia kwa kikohozi, kwa mafua na kwa tumbo. Laboratuari zilipoupima hazikukuta artemisinini ndani yake, ao zilikuta alama ndogo sana isiyoweza kuponya mtu.

Mimea hiyo miwili ikiwa hai shambani, mtu mwenye mazoezi anaweza kuitofautisha. Lakini ikikaushwa, ikasagwa, ikatiwa katika kifuko, nani ataitambua? Unga ni unga. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui. Yeye pia aliuziwa.

Hata Artemisia annua peke yake ina namna mbalimbali. Wachunguzi wamekuta namna mbili zenye sura moja. Namna ya kwanza inatengeneza artemisinini nyingi. Namna ya pili inaacha kazi katikati ya njia: inajaza majani yake na asidi nyingine inayoitwa asidi artemisiniki, na artemisinini inakuwa kidogo tu. Ni kama viwanda viwili vyenye ukuta mmoja na mlango mmoja, kimoja kikitoa shaba safi, kingine kikitoa matope yasiyomaliza kusafishwa. Ukisimama barabarani huwezi kujua.

Ndiyo maana artemisinini katika majani makavu inaweza kuwa chini ya 0,1 kwa mia katika mmea mmoja, 0,5 katika mwingine, na 1 kwa mia ao kupita katika mbegu zilizochaguliwa. Mbegu hizo za nguvu ni za ibridi, kama mahindi ya ibridi. Ukizivuna katika lupango lako na kuzipanda tena, watoto hawafanani wote na wazazi. Hivi, mmea uliopimwa vizuri miaka mitano iliyopita hausemi kitu juu ya wajukuu wake.

Ongeza na wakati wa kuvuna. Artemisinini inakaa katika vifuko vidogo sana juu ya majani na maua. Inakuwa nyingi mmea unapokaribia kutoa maua ao unapoanza kuyafungua, kisha inapunguka. Majani ya juu yana nyingi kupita ya chini. Shina lina kidogo sana. Majani yaliyokaa muda mrefu mahali pa joto na maji-maji yanaharibika.

3. WACHINA PIA WALISUMBUKA NA JINA

Tusifikiri ni sisi tu. Tarehe 23 Mei 1967, serikali ya China ilianzisha kazi kubwa ya kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa sababu wakati wa vita ya Vietnam ugonjwa ulikuwa unawaangusha askari. Mwaka 1969 mwanamke mmoja mtaalamu wa dawa, Tu Youyou, alipewa kuongoza kikundi kimoja cha kazi hiyo huko Beijing. Yeye na wenzake walifungua vitabu vya zamani na kujaribu miti mingi. Katika miti hiyo kulikuwa mmoja unaoitwa qinghao.

Shida ikaanza. Jina qinghao lilitumiwa kwa artemisia zaidi ya moja. Tena majani yaliyopatikana karibu na Beijing yalikuwa na dawa kidogo sana. Jaribio moja lilifaulu, lingine likashindwa, na watu wakaanza kukata tamaa.

Tu Youyou alisoma tena maneno ya Ge Hong, mganga wa karne ya 4. Huyo alisema loweka majani katika maji, kamua, kunywa, hakusema chemsha. Akawaza kwamba labda moto ndio unaoharibu. Akatumia eteri, ambayo inachemka katika joto la digri 35 tu. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 iliua wadudu wote wa malaria katika panya. Mwaka 1972 walipata artemisinini yenyewe, chembe nyeupe kama chumvi. Uchambuzi ukaonyesha kwamba katika mimea ile yenye jina moja, ni Artemisia annua peke yake yenye artemisinini ya kutosha, na kwamba ile ya jimbo la Sichuan ilikuwa na nguvu kupita ya Beijing. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa tuzo ya Nobel ya udaktari.

Na kabla ya hapo, mambo hayo yalikwisha kuonekana kwa kinini. Kinini inatoka katika ganda la mti wa kinkina, wa milima ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1865 Mwingereza Charles Ledger alipata mbegu kutoka Bolivia, zilizokusanywa na mtumishi wake Manuel Incra Mamani. Waholanzi walizinunua na kuzipanda Java. Kwa macho, ilikuwa kinkina kama kinkina nyingine. Lakini maganda yalipopimwa, miti fulani ilikuwa na kinini hadi 13 kwa mia, kupita mara nyingi ile iliyozoeleka. Tangu hapo, mashamba ya kinkina, hata yale ya Kivu kwetu, yalichaguliwa kwa mizani ya laboratuari, siyo kwa uzuri wa majani.

4. LABORATUARI INAFANYA NAMNA GANI?

Tufuate kifuko kimoja cha majani tangu kinapoingia mpaka jibu linapotoka. Vijana wa masomo, fuateni vizuri.

Kwanza: kuchukua sampuli. Haichukuliwi tawi moja zuri. Wanachukua kidogo juu, kidogo katikati, kidogo chini, katika mimea mingi. Wanakausha, wanasaga, wanachanganya, wanagawanya kwa robo kama tunavyogawanya fungu la madini, mpaka inabaki gramu chache zinazofanana na fungu lote. Sampuli mbaya inaleta jibu baya, hata mashine iwe ya bei gani.

Pili: kutoa dawa ndani ya jani. Artemisinini haipendi maji; inayeyuka vizuri zaidi katika vitu vya jamaa ya benzini, kama eksane, ao katika eteri. Unga unapimwa kwa mizani, unalowekwa katika eksane, unachujwa, na eksane inaachwa iruke. Kinachobaki ni mchanganyiko wa vitu vingi, kama vile madini yaliyosagwa yasiyotenganishwa bado.

Tatu: kutenganisha. Kazi hii inaitwa kromatografia. Mtoto wa shule ameiona bila kujua jina: wino wa kalamu ukiangukiwa na tone la maji juu ya karatasi, unatambaa na kugawanyika, bluu huku, nyekundu kule. Laboratuari inafanya vile juu ya kioo kilichopakwa unga mweupe wa silika. Chini ya kioo wanatia tone la sampuli. Pembeni wanatia tone la artemisinini safi. Tone hilo linaitwa shahidi. Kioo kinasimamishwa katika kimiminiko kidogo, nacho kinapanda polepole na kubeba vitu vya sampuli.

Ni kama watu wanaotoka kazini kisha posti. Wote wanapita mlango mmoja. Mmoja anakwenda nyumbani mbio, mwingine anasimama kila hatua kusalimia marafiki. Kisha nusu saa, kila mtu yuko mahali pake barabarani. Katika kioo pia, kila kitu kinafika kwenye kituo chake. Halafu wanamwagia dawa ya kuonyesha rangi, yenye anisaldeidi na asidi sulfuriki, na kupasha kioo moto. Shahidi anatokea kwa rangi ya waridi. Kama sampuli ina doa la rangi ile ile, kwenye kimo kile kile, artemisinini imo. Kama hakuna doa, hakuna dawa, hata jani liwe linanuka namna gani.

Nne: kuhesabu. Kujua kwamba imo haitoshi; tunataka kujua ni ngapi. Kuna mashine inayosukuma kimiminiko kwa nguvu ndani ya bomba jembamba la chuma lililojaa unga, na mwishoni mwa bomba kuna jicho la taa ya ultraviolet linaloandika kila kitu kinachopita. Lakini artemisinini inakaribia kupita mbele ya taa hiyo bila kuonekana. Basi wataalamu wanaipika kwanza na soda kali, kisha asidi, mpaka inageuka kitu kingine ambacho taa inakiona vizuri. Wanalinganisha na shahidi aliyepimwa, na jibu linatoka: 0,08 kwa mia, ao 0,6, ao 1,1.

Tano: kupima harufu. Mashine nyingine, ya kromatografia ya gazi, inatenganisha mafuta yanayoruka: kamfora, sineole, tuyone na wenzake. Hapo pia mimea inajitambulisha, kwa maana Artemisia annua na Artemisia afra hazina orodha moja. Hata Artemisia afra za mahali mbalimbali hazifanani. Moja ina tuyone nyingi, nyingine ina sineole. Tuyone ikizidi ni sumu ya akili, inaweza kuleta degedege.

Shika neno hili: harufu ya artemisia inatoka katika mafuta hayo. Artemisinini yenyewe haina harufu. Mtu anayesema « Hii ni kali, sikia inavyonuka », amepima kamfora. Dawa ya malaria hajaipima.

Tafazali, asijaribu mtu kazi hii nyumbani. Eksane na eteri zinashika moto upesi sana.

5. HESABU YA BIRIKA

Sasa tuingie jikoni. Tuseme mama anatia gramu 5 za majani makavu katika litre moja ya maji ya moto.

Kama majani yana 0,1 kwa mia: ndani ya gramu 5 mna miligramu 5 za artemisinini.
Kama yana 0,5 kwa mia: miligramu 25.
Kama yana 1 kwa mia: miligramu 50.

Na siyo yote inayotoka katika jani na kuingia katika maji. Wakati artemisinini safi ilipotolewa peke yake kwa wagonjwa, mtu mkubwa alipewa karibu miligramu 500 kwa siku. Katika uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2004, gramu 9 za majani mazuri katika litre moja zilitoa miligramu 94,5, ni kusema karibu 19 kwa mia ya kipimo cha siku. Majani hayo yalikuwa yamechaguliwa. Yale ya soko je?

Mwaka huo huo yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika inchi yetu. Siku ya 7, wagonjwa 74 katika 100 waliokunywa chai ya Artemisia annua walikuwa wamepona, na 91 katika 100 waliokunywa kinini. Unaweza kusema 74 si vibaya. Lakini katika majuma yaliyofuata, ugonjwa uliwarudilia wengi wa wale wa chai. Wachunguzi wenyewe walisema chai hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya dawa za vidonge.

Wengine wamesikia juu ya andiko lingine, lililotangazwa mwaka 2019, lililosema chai za Artemisia annua na za Artemisia afra zilishinda vidonge huko Maniema. Mjue pia mwisho wake: mwaka 2020 jarida lililolitoa lililiondoa. Na mwaka 2019 Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, lilitangaza kwamba haliungi mkono kutumia chai ya artemisia, wala unga wake, kwa kuponya ao kuzuia malaria.

6. HOMA ILIYOSHUKA SI MALARIA ILIYOKWISHA

Dawa kidogo inafanya kazi kidogo. Inaua sehemu ya wadudu, homa inashuka, mgonjwa anatoka jasho, anaomba bukari. Jamaa wanafurahi. Ni kama mbabula iliyofunikwa na majivu: juu hakuna moto, lakini chini makala yanaendelea kuwaka. Kisha juma moja ao mbili, upepo mdogo tu, moto unarudi.

Kwa mtu mkubwa, kurudi huko kunamkuta kazini. Fikiri dereva wa kamyo ya karyere katika posti ya usiku, kichwa kinazunguka, macho yanaona mbili-mbili, na chini ya njia kuna wenzake. Fikiri fundi aliye juu ya ngazi. Malaria isiyotunzwa vizuri ni hatari ya kazi, sawa na breki mbovu.

Kwa mtoto chini ya miaka 5 na kwa mama mwenye mimba ni mbaya zaidi. Malaria ya mtoto inaweza kumaliza damu ao kupanda kichwani katika siku moja ao mbili. Zile siku tatu za kumjaribu kwa chai ndizo siku ambazo tungemwokoa.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Mdudu anayekutana na dawa zaifu na kupona anazaa watoto wanaoijua dawa ile. Wazee wanaikumbuka Nivaquine. Iliponya watu kwa miaka mingi, kisha ikashindwa, tukalazimika kuiacha. Tangu mwaka 2005 inchi yetu inatumia artesunate pamoja na amodiaquine, na baadaye artemeter pamoja na lumefantrine iliongezwa. Artesunate na artemeter zote mbili zinatengenezwa kutoka artemisinini ya majani yale yale, lakini kila kidonge kina kipimo kilichopimwa.

Kwa nini dawa mbili pamoja? Artemisinini na watoto wake wanapiga kwa nguvu, lakini wanatoka mwilini kisha saa chache. Ndiyo sababu kuna mwenzake anayekaa siku nyingi na kumaliza wadudu waliobaki. Chai haina mwenzake huyo. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba katika Rwanda, jirani yetu, kuna wadudu walioanza kuvumilia jamaa ya artemisinini. Mwaka 2021 ikatangazwa vilevile kwa Uganda. Tukiiharibu dawa hii, hatuna nyingine nyingi nyuma yake.

7. MASWALI MNAYOTUULIZA

« Dokta, babu zetu walitumia miti. Mnataka tuidharau? »

Hapana, mama. Kinini ilitoka mtini, artemisinini ilitoka majanini. Tunaheshimu miti mpaka tunaipima. Mtu anayepima shaba haidharau. Anataka kujua thamani yake.

« Mimi nilikunywa chai, nikapona. Mnasema nini? »

Huenda mmea wako ulikuwa na dawa ya kutosha kushusha homa. Huenda pia haikuwa malaria. Homa nyingi zinakwisha zenyewe. Kama damu haikupimwa mbele wala nyuma, hatujui. Njoo tukupime, hata kama unajisikia mzima.

« Ninaweza kunywa kikombe kila asubuhi ili malaria isinipate? »

Usifanye hivyo. Dawa zaifu ya kila siku ndiyo shule ya wadudu. Kwa kuzuia malaria, lala chini ya mustikere yenye dawa, funika mapipa, maliza maji yaliyosimama katika lupango.

« Mtoto mwenye kikohozi je? »

Mtoto mchanga na mama mwenye mimba wasipewe chai ya artemisia yoyote. Tuyone haijui mkubwa wala mdogo.

« Niung'oe mmea wangu? »

Si lazima. Uuache na maua yake. Lakini usiuite dispansere.

8. FANYA HIVI

Homa ikianza, usingoje kesho kutwa. Siku ile ile, ao kesho yake asubuhi, njoo dispansere. Tunachoma kidole, tunafanya TDR, na jibu linatoka kwa muda wa dakika 15 ao 20. TDR nayo ni uchambuzi wa kemia: ule mstari unaotokea katika kifaa ndio shahidi anayesema kwamba mdudu amepita katika damu yako.

Kama ni malaria, kunywa vidonge siku zote 3, hata ukijisikia vizuri siku ya pili. Usimgawie jirani, usimwekee mtoto mwingine nusu. Artemeter na lumefantrine inywewe pamoja na chakula. Mtoto akitapika dawa, mrudishe tuone.

Mwambie shefu wako kwamba una homa kabla ya kupanda mashine.

Kama ulikwisha kunywa chai, ao dawa ya mganga wa kienyeji, tuambie bila haya. Hatutakugombeza. Tunataka kujua, kwa sababu homa inaweza kuwa imeshuka na wadudu wakabaki.

Mtoto akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilala bila kuamka vizuri, akipumua mbio, akikojoa mkojo mweusi, ao viganja vyake vikiwa vyeupe: usimpeleke dispansere, mpeleke hospitali moja kwa moja, hata ikiwa saa nane ya usiku. Huko kuna artesunate ya sindano.

TUKUMBUKE

Artemisia si mmea mmoja. Annua ina artemisinini, afra haina ya kuponya.
Annua zenyewe hazilingani. Nyingine ina mara kumi kupita mwenzake.
Harufu si dawa, na unga wa sokoni hauna karatasi ya laboratuari.
Kidonge kimepimwa, birika haikupimwa.
Homa iliyoshuka bila kupimwa damu, usiiamini.

Ndugu mfanyakazi, wewe ambaye hungekubali mshahara wako upimwe kwa macho, usikubali dawa ya mtoto wako ipimwe kwa pua. Soma ukurasa huu pamoja na bibi yako na watoto, kisha ubandike karibu na mlango. Na homa ikigonga, njooni pamoja. Mlango wa dispansere uko wazi.

Msaidizi wa dokta, dispansere ya kampuni